Alama za Akimana

Kila jioni, akishateka maji na kufunga mbuzi, Akimana aliketi kizingitini na simu ya mama yake. Msije mkamsingizia kwamba alikuwa akipoteza muda. Mwalimu Lusajo, aliyewafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule moja ya Kasulu, alikuwa amewapa mchezo wa mtandaoni. Picha inatokea, maneno manne yanajipanga chini yake, nawe unachagua moja kabla muda haujaisha. Kila mwanafunzi alikuwa na namba yake ya siri. Wasio na simu nyumbani walibaki shuleni kutumia kishikwambi cha mwalimu.

Akimana alianza vibaya. Alikuwa wa ishirini na tisa darasani. Kisha maharage yakakauka shambani, na zamu ya kung'oa ikawa ya dada yake, Verediana, aliyesoma kidato cha tatu.

"Leo kaning'olee maharage," Verediana alisema. "Mimi nitakuchezea mchezo wako."

"Ego, dada," Akimana alikubali, akampa namba ya siri.

Hakuna aliyeona kosa hapo. Nyumbani kwao kazi ilikuwa ya wote, na hakuna aliyeuliza jembe lilishikwa na nani. Akimana aliona mchezo nao ni shamba tu. Kwa wiki tatu alikuwa shambani kila jioni huku dada yake akibonyeza simu.

Jumatatu moja mwalimu alisoma majina. "Wa kwanza, Akimana! Ijumaa utatuwakilisha Kibondo, kwenye mashindano ya shule. Wa pili, Dorcas."

Darasa likapiga makofi. Dorcas, aliyeketi naye dawati moja, alimkumbatia. Huyu ndiye aliyebaki shuleni kila siku kungoja kishikwambi, kisha akatembea saa nzima kurudi kwao.

"Hongera, rafiki yangu. Hebu nieleze picha hii, imenishinda," Dorcas alisema, akimwonyesha kishikwambi.

Akimana aliitazama picha, akatazama maneno manne. Hakujua hata moja. Alisingizia kichwa kinamuuma, na kweli moyo ulikuwa ukimuuma. Jioni ile alicheza mwenyewe akakosa saba kati ya kumi. Ijumaa, Verediana hangekuwapo Kibondo, na safari ile ilikuwa haki ya Dorcas.

Asubuhi alikwenda ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umejiandaa na safari?"

"Mwalimu, zile alama si zangu. Alicheza dada, mimi nikamng'olea maharage. Kwetu tunasaidiana."

Mwalimu Lusajo alitaka kucheka, akajizuia. "Dorcas anajua?"

"Bado, mwalimu."

"Kamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

Akimana alimwambia, machozi yakimlengalenga. Dorcas aliumia. "Ungeniambia jana ningekasirika kidogo tu," alisema. "Lakini umesema. Njoo mchana unisikilize nikijaribu maneno."

Mwalimu alifuta alama zote za Akimana, naye Akimana akaanza upya kwenye sifuri. Ijumaa Dorcas alikwenda Kibondo, akarudi na nafasi ya tatu na kamusi mpya. Nyumbani, Akimana alicheza mwenyewe. Neno likimshinda alimuuliza Verediana maana yake, akaliandika kwenye daftari.

Wiki mbili baadaye mwalimu alisoma majina tena. "Wa ishirini na nne, Akimana."

Wachache walicheka. Dorcas alipiga makofi, na Akimana akatabasamu zaidi kuliko siku ile alipokuwa wa kwanza.

"Msicheke," mwalimu alisema. "Dada yako aking'oa maharage, yanaingia chungu kimoja na wote mnashiba. Lakini neno alilolijibu yeye linabaki kichwani mwake, wewe unabaki na njaa. Saidianeni kufundishana, ila kujifunza kila mtu ajifunze mwenyewe. Hiyo nafasi ya ishirini na nne, Akimana, ni yako, na hakuna atakayeifuta."