Jirani wa Kipindi Kilichoondolewa

Jua la mji wa Irving lilikuwa linazama, mimi niko jikoni namkorogea Mark uji, yeye nimemweka kwenye kochi sebuleni. Mark ni mjukuu wangu, wakati huo hata mwaka hajafika. Mama yake, binti yangu Jerioth, ni nesi, alikuwa hajatoka kazini. Mimi nililetwa Amerika mwaka wa elfu mbili na mbili nimlelee mtoto.

Kiingereza sina. Lakini kulikuwa na kipindi kimoja cha vichekesho, nilikipenda kweli. Jirani mrefu, kofia ya kijani, kila saa anabisha kwa wenyewe kuomba kitu. Wale watu wasioonekana wakicheka, nami nacheka nao. Hakikudumu. Wiki chache tu, kikaondolewa. Jerioth akanitania kwamba hakikuwa na watazamaji, nilikuwa nakitazama peke yangu.

Jioni hiyo televisheni ikajiwasha.

Nikasikia kile kicheko. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani wamekirudisha. Nimeipa mgongo, nakoroga tu. Jirani akabisha.

Ko... ko... ko.

Sisi mtu akibisha unamjibu hata hujamwona. Mdomo ukatangulia.

"Karibu. Ingia tu."

Kicheko kikakatika.

Nikageuka. Jirani ameacha kuwatazama wenzake. Ananitazama mimi. Halafu kioo kikazima, na mlango wetu sisi... ukafunguka polepole. Mtu sikuona. Harufu tu, ya vumbi linaloungua kwenye waya. Kochi likabonyea.

Kando ya Mark.

Mtoto alikuwa analia njaa. Akanyamaza. Akacheka. Si sauti yake hiyo... ni sauti za watu wengi, wanaume kwa wanawake, zinatoka kwa kinywa kisicho na meno. Nikamshika. Baridi. Na kila akicheka, pumzi inapungua.

Nikaomba. Nikakemea kwa jina la Yesu mpaka koo likakauka. Wakacheka zaidi. Nikampigia Jerioth, simu haikushikwa. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa myeusi.

Ndipo nikaelewa. Huyu hafukuziki, nimemkaribisha mwenyewe. Mgeni uliyemkaribisha, unamlisha, unamsindikiza. Nikamimina ule uji kwa kikombe, nikamwekea.

"Kunywa, baba," nikanong'ona. "Halafu nikutoe, giza linaingia."

Uji ukapungua. Kikombe hakikuinuka.

Nikatoka nje. Hatua zikanifuata kwa ngazi. Huko juu nikasikia Mark analia, kilio chake mwenyewe, cha njaa. Sijawahi kusikia kitu kitamu hivyo.

Tukafika mwisho wa pale magari yanaegeshwa. Nikamwambia aende salama. Nikageuka nimkimbilie mtoto.

Hatua zikageuka nami.

Si ndiyo desturi? Ukimsindikiza mtu, naye anakurudisha kidogo.

Nikasimama. Mtoto analia, na mimi siwezi kwenda. Nilikuwa bado nimesimama hapo gari la Jerioth likaingia. Akashuka ananishangaa.

"Mami, mtoto umemwachia nani?"

"Kimbia kwake. Na mimi usinikaribishe tena kwako."

Alidhani akili imeruka, lakini alikimbia.

Sasa naishi mji mwingine, Stafford, peke yangu. Mark ni kijana mkubwa, kwao sijaingia tena. Tunaongea kwa simu. Siku moja akaniuliza, ni kina nani hao wanacheka huko kwako, shosho?

Nikamwambia ni televisheni. Nikakata haraka, kabla hajacheka nao.