Bipu Tatu Kutoka Msowero

Kwichi, kwichi, kwichi. Gizani, mfuniko wa chupa ya chai ulikuwa unafungwa. Anitha aliujua mlio huo hata akiwa usingizini. Mama yake alikuwa anakaribia kutoka. Akajifunua khanga, akakaa kitandani.

"Anitha, umeamka?"

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nawahi stendi kupokea mzigo wa dawa kutoka Morogoro. Wewe leo utakaa dukani. Dawa usiuze hata moja, mteja akija mwambie anisubiri. Kazi yako ni simu tu."

Mama yake, Monica, aliuza dawa za mifugo katika duka la Mzee Herman mjini Kilosa. Mzee mwenyewe alikaa Mikumi, kwenye duka lake la pili. Miezi miwili iliyopita alikuwa ameleta simu mpya, simu ya intaneti. Ilikaa juu ya meza, nyeusi, na kioo chake kidogo kilionyesha jina la anayepiga. Waya wake ulikwenda kwenye ruta, kifaa cha intaneti kilichokuwa ukutani kikiwaka taa za kijani. Kwa namba moja tu mfugaji aliyapata maduka yote mawili. Akihitaji kitu cha Mikumi, mama alibonyeza kitufe, na mazungumzo yakahamia huko. Mzee Herman na mama waliongea kutwa bila kununua vocha. Wafugaji waliambiwa waache kuhangaika na namba za huyu na yule. Namba ya duka inatosha.

Lakini jambo moja halikubadilika: wafugaji waliendelea kubipu. Tangu enzi za simu ya tochi walikuwa na mapatano yao na mama. Bipu moja, nina swali, nipigie ukipata nafasi. Bipu tatu mfululizo, mnyama yuko hatarini, nipigie sasa hivi.

"Bipu tatu?" mama aliuliza akiwa mlangoni, mkoba begani.

"Nampigia mwenyewe papo hapo, namsikiliza, kisha nampigia daktari wa mifugo, Daktari Nikolaus."

"Haya. Nakuamini, mwanangu."

Asubuhi ilianza vizuri. Anitha alifagia, akafuta vumbi, akapokea simu mbili na kuziandika daftarini kwa mwandiko wake mzuri. Saa tatu na nusu, Jackline akachungulia mlangoni. Walisoma pamoja darasa la saba, na mkononi alishika simu kubwa ya dada yake.

"Hodi kwa mlinzi wa simu!"

"Karibu, mpiga domo."

"Wiki ijayo mahafali, na wewe hata hatua ya tatu ya ngoma hujaishika. Utatuaibisha jukwaani mbele ya wazazi! Hebu nipe nenosiri la waifai tutazame video mbili tu."

Anitha aliitazama ruta. Mama alikuwa amemkataza. Alisema bando lile ni la simu ya duka na si la kuchezea.

"Mbili tu?"

"Mbili, haki ya nani tena!"

Mbili zikawa tano, tano zikawa kumi. Wakasogeza viti, wakacheza katikati ya duka, wakacheka mpaka machozi. Ndipo simu ya mezani ikalia mara moja, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Ikalia mara ya tatu. Kioo kiliandika jina la mfugaji na kijiji chake: MADUHU MSOWERO.

Anitha akasimama.

"Wewe nawe!" Jackline akamvuta mkono. "Huyo anabipu, vocha hana. Acha tumalize hapa, hapa ndipo penyewe, tazama mguu unavyogeuka!"

"Ni bipu tatu, Jackline."

"Kwani dakika tano atakufa?"

Anitha akakaa. Alijiambia kwamba wimbo ukiisha atapiga. Lakini wimbo haukuisha. Video iliganda, duara dogo likawa linazunguka tu kwenye kioo. Taa za ruta zikageuka nyekundu. Akanyanyua mkono wa simu ya mezani, akasikia kimya. Kioo kiliandika: HAKUNA HUDUMA.

"Tumemaliza bando," alisema Anitha kwa sauti ndogo.

"Tumemaliza? Mimi nenosiri sikulijua, ulinipa wewe." Jackline alikwisha kutoka nje. "Kwa heri, dada yangu. Sikuwepo mimi!"

Anitha akabaki peke yake na simu iliyokufa. Orodha ya simu zilizokosa kupokelewa ilikuwa bado kwenye kioo, jina moja mara tatu. Akabonyeza FUTA. Jina likaondoka. Woga haukuondoka.

Saa sita mama aliingia akiwa na maboksi, na nyuma yake Daktari Nikolaus aliyembeba kwa pikipiki. Kabla hawajatua mzigo, simu ya mkononi ya mama ikaita. Sauti ya Mzee Herman ilijaa duka zima.

"Monica! Tangu saa nne napiga Kilosa, simu haipatikani! Mmeifanya nini?"

"Shikamoo mzee. Mimi ndiyo naingia, nilikuwa stendi..."

"Dhamana nilikupa wewe, si stendi! Wateja wanasema tumefunga duka. Kama simu ya kisasa imekushinda, sema nitafute mtu mwingine."

Mama alitazama ukutani. "Taa ni nyekundu, mzee. Labda kifaa kimeungua."

"Basi Nikolaus ang'oe hicho kifaa akilete Mikumi sasa hivi. Fundi yuko hapa."

Mama akakata simu, akamgeukia binti yake. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hayakuwa makali.

"Anitha, ilizimika saa ngapi?"

"Sijui, mama. Nimeona tu imezima."

"Kabla ya hapo, kuna mtu yeyote alibipu?"

"Hakuna."

Daktari aliichomoa ruta, akaifunga ndani ya mfuko, akatoka. Anitha alimtazama akivaa kofia yake ngumu. Mikumi ni kusini. Msowero ni kaskazini. Daktari akienda Mikumi, hatarudi kabla ya jioni.

Akamkumbuka Maduhu. Yeye na familia yake walihamia Msowero kutoka Shinyanga na ng'ombe wengi, lakini ukame wa mwaka juzi uliwaachia watatu tu. Mmoja ndiye aliyekuwa na mimba. Maziwa yake ndiyo yangemlipia bintiye Kishiwa hosteli ya sekondari. Maduhu mwenyewe aliyasema hayo dukani, akimwonyesha mama kwa vidole miezi iliyobaki mpaka ng'ombe azae.

Pikipiki iliunguruma. Nikisema, mama atafukuzwa kazi, aliwaza Anitha. Nikinyamaza, je?

Miguu ikaamua kabla ya kichwa. Alikimbia, akaishika keria ya pikipiki kwa mikono miwili.

"Daktari, usiende Mikumi! Maduhu amebipu mara tatu! Tangu saa nne! Niliona, nikafuta jina lake. Na ruta ni nzima, bando nimelimaliza mimi kwa video."

Daktari akazima pikipiki. Mama alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Hakuna aliyemkaripia. Hakukuwa na muda. Daktari alitoa simu yake ya mkononi, akatafuta namba ya Maduhu, akapiga. Waliisikia sauti ya Maduhu kwa mbali, imepasuka kwa kilio: ng'ombe yuko chini tangu alfajiri, mguu mmoja wa ndama umetoka, mwingine umekwama.

"Msimvute ndama! Mwageni maji ya uvuguvugu hapo alipokwama, mnisubiri, nakuja," alisema daktari. Akamrushia mama mfuko wenye ruta, akageuza pikipiki. Vumbi likaelekea kaskazini.

Mama aliichomeka ruta, akanunua bando kwa simu yake. Baada ya dakika tano taa zilikuwa kijani. Kisha akampigia Mzee Herman na kumweleza kila kitu, na binti yake akiwa amesimama mbele yake. Anitha aliogopa kuuinua uso.

"Mpe simu," alisema mzee. Kisha: "Binti, ungenyamaza, ningemfukuza mama yako na kumtukana fundi bure. Na mimi nina kosa. Bando la simu nimelichanganya na waifai, na wafugaji nimewaachia mlango mmoja tu. Jumatatu fundi atatenganisha. Na namba ya daktari itabandikwa tena ukutani."

Walikaa wakisubiri. Mama hakuandika kitu, hakufagia, alikaa tu. Saa kumi simu ikalia, alikuwa daktari. Ng'ombe amesimama, ameanza kunywa maji. Ndama amekufa.

Anitha alilia kwa kwikwi. Mama alimvuta kifuani, akamwacha alie mpaka atulie.

Jumatatu jioni Maduhu alifika dukani kwa baiskeli, chupa ya maziwa ikining'inia kwenye usukani. Anitha alimwamkia, akaitikia kwa furaha.

"Mama Anitha, nimekuja kushukuru. Daktari ameniokolea ng'ombe. Ule mtandao wenu ndio ulionichelewesha, umeniulia ndama. Lakini mtandao ni mtandao, utaugombeza vipi?" Akacheka kidogo, mcheko wa mtu aliyechoka.

Mama hakucheka. Aliinama, akasema taratibu karibu na sikio la binti yake:

"Mwanangu, juzi ulisema kweli, na kweli yako ilimwokoa ng'ombe. Lakini umetuambia sisi, yeye hujamwambia. Simu hubeba sauti tu, haina mdomo wa kujitetea. Kila tutakapokosea na kusema 'ni mtandao', hatutajifunza kitu. Kosa hukoma pale mwenye kulitenda anapolikiri kwa yule aliyeumizwa nalo. Hapa siwezi kukusemea."

Anitha alizunguka meza, akasimama mbele ya Maduhu. Akamtazama usoni.

"Baba Kishiwa, bipu zako niliziona mimi, nikaziacha."