Kifungo cha Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Alipewa jina hilo la ndege nyumbani kwa kuwa mdomo wake haukupumzika, likamfuata hadi shuleni. Lakini mwalimu wa hesabu alipomwita ubaoni, Chiriku huyohuyo aligeuka bubu. Vidole vyake vilisokota kifungo cha pili cha shati mpaka kikang'oka.

"Tena?" mama aliuliza siku hiyo. "Si juzi tu nimekishona?"

"Kimeanguka chenyewe, mama. Labda uzi ni mbovu."

Neno hilo lilimchoma mama. Yeye ndiye aliyeshona sare za wanafunzi wengi wa shule ile. Vifungo vikianza kupukutika, wateja wangemkimbia.

"Nimefanya biashara na yule mzee wa nyuzi miaka na miaka," alisema akitazama duka la ng'ambo ya barabara. "Leo ananiuzia takataka."

Chiriku aliinama kuokota vipande vya vitambaa. Mama akakishona kifungo upya kwa uzi wa kukunja mara nne, uliopakwa nta. "Hiki hata ng'ombe akikivuta hakitoki," alisema.

Kesho yake Chiriku aliitwa tena ubaoni, ajumlishe nusu na theluthi. Vidole vikaenda palepale. Kifungo kikakataa. Akavuta, akavuta, mara kitambaa kikachanika, na kifungo kikabaki mkononi pamoja na kipande cha shati.

"Chiriku ananyonyoka manyoya," alisema jirani yake wa dawati. Darasa zima likacheka.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama mlangoni, amebeba kasha la nyuzi.

"Namrudishia mzee huyo uzi wake. Leo atanitambua."

"Mama, ngoja." Chiriku alifungua kiganja.

Mama alikitazama kile kifungo. Uzi ulikuwa mzima, umeng'ang'ania kitambaa. Akaketi taratibu. "Uzi haukukatika. Nani kakivuta?"

"Mimi. Hata mara zile za kwanza. Nikiitwa ubaoni naogopa, mikono inatafuta kitu cha kushika. Nikasingizia uzi ili usinigombeze."

Mama aliweka kasha la nyuzi sakafuni. "Na mimi nilikuwa nakwenda kumvunjia heshima mtu mzima mbele ya wateja wake. Twende ukamwambie mwenyewe."

Muuza nyuzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Kumbe ndiyo maana fundi hakuitikia salamu yangu asubuhi. Nimekaa hapa najiuliza nimemkosea nini." Akainama chini ya meza, akatoa mabaki ya sponji za mabega ya makoti. "Mkono wenye wasiwasi mpe kitu cha kuminya, mjukuu wangu. Shati halina kosa."

Jioni mama alishona mpira mdogo kama yai, akaujaza sponji hizo. "Minya, vuta pumzi, legeza," alimfundisha. "Taratibu. Usiukamue kama nguo mbichi."

Kesho yake kabla ya kipindi cha hesabu, Chiriku alimweleza mwalimu kilichomo mfukoni mwake. Mwalimu aliuminya mpira, akauminya tena. "Baadaye uniazime," alisema. "Nina madaftari ya kusahihisha."

Alipoitwa ubaoni kwa hesabu ileile ya nusu na theluthi, Chiriku alitia mkono mfukoni. Aliminya, akavuta pumzi, akalegeza. Kwanza aliandika mbili juu ya tano. Akaminya tena, akatazama vizuri, akafuta, akaandika tano juu ya sita.

"Sawasawa," mwalimu alisema. Chiriku alihisi mabega yake yameshuka, kama aliyetua ndoo ya maji.

Nyumbani mama alipitisha kidole kwenye shati. Vifungo vyote vilikuwepo.

"Mpira huu haujui hesabu," alisema. "Umekutuliza tu, jibu umelitafuta mwenyewe. Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa ni kuificha hofu yako kwa kumsingizia asiyehusika. Siku nyingine ukilemewa, niambie mapema."

Chiriku aliahidi. Kisha akaanza kusimulia habari za ubaoni, tangu mwanzo, kwa mara ya tatu. Mama akachukua mpira mezani, akauminya yeye.