Pembe ya Uji kwa Mzee Kiragu

"Hoja hiyo ni mbovu, Mzee," nikasema.

Mjomba Murunga alinifinya paja. Katika nyumba ya watu, siku ya kuposa, mwenye kuposa hufunga mdomo na mzee wake humsemea. Mjomba alikuwa ameshaanza vizuri, kwa mafumbo yanayotakiwa: mwanakondoo wetu amepotea, nyayo zake zimetufikisha hapa Kawangware. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

Mzee Kiragu, baba yake Wagaki, msichana niliyekuja kumposa, aliweka miwani juu ya meza.

"Mbovu namna gani, kijana?"

"Umesema Shiundu, mpangaji wako, alioa binti wa jirani, na kabla mwaka haujaisha mke wake wa kwanza akashuka kutoka Western na watoto watatu. Ni kweli. Lakini ukasema eti kwa hivyo sisi watu wa Western wote tuko hivyo. Mbuzi mmoja akila mahindi yako, Mzee, utachinja mbuzi wote wa Kawangware?"

Ndugu yake Kiragu, Mzee Ng'ang'a, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Huyu fundi ana mdomo! Kiragu, huyu atakuuzia shamba lako mwenyewe!"

Nikavimba kichwa. Mimi ni fundi wa mbao Kibera, sikumaliza hata darasa la saba. Lakini nilikuwa na kitabu kisicho na jalada nilichonunua Gikomba, na ndani yake nilijifunza tashibiha, sitiari, chuku, takriri, pamoja na makosa ambayo watu hufanya wakibishana. Mashairi nilijifunza peke yangu, nikihesabu mizani kwa kugonga randa. Wagaki naye nilimfundisha hayo hayo tukiwa nyuma ya kanisa lao, mwaka huo wa sabini na nne, nilipoitwa kutengeneza mabenchi.

Wiki moja kabla ya siku hiyo aliniandikia barua:

"Khamala, Jumamosi baba atakuuliza maswali. Mjibu tu. Nimechoka kukutana na wewe kama mwizi. Mimi nikitoka kwa baba, nataka nitoke kwa mlango."

Mzee Kiragu hakucheka.

"Sawa. Shiundu ni Shiundu. Lakini mimi nilikuuliza kitu."

"Na mimi nimejibu."

"Umejibu Shiundu."

"Mzee, na wewe mwenyewe si una mke hapa na mwingine Limuru? Mwenye wawili ataniulizaje mimi habari ya mmoja?"

Kicheko kilikatika. Mjomba Murunga alifunga macho kama mtu aliyeumwa na jino. Mzee Kiragu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mwiteni msichana," akasema.

Kwa Wakikuyu, hakuna mzee anayegusa pembe kabla binti hajaulizwa. Akionja na kumpa baba yake, amekubali. Kwa kuwa nyumba hiyo ilikuwa ya watu wa kanisa, pembe ilijazwa uji badala ya pombe. Wagaki aliingia akiwa ameishika kwa mikono miwili, shangazi yake Muthoni nyuma yake. Jikoni na pale tulipokaa palitenganishwa na bati moja tu. Alikuwa amesikia yote.

"Wagaki," baba yake akauliza, "tunywe?"

"Kwanza nimuulize huyu."

"Weh!" shangazi akashtuka. "Uliza baadaye!"

"Baadaye ni lini, shangazi? Nikiwa nimezaa?" Akanigeukia. "Khamala, mtu akiulizwa, akaanza kumsema yule anayemuuliza. Ulinifundisha hiyo inaitwaje?"

"Kumshambulia msemaji."

"Na akiulizwa hili, akajibu lile?"

"Kukwepa swali."

"Baba aliuliza kama uko na mke kwenu."

"Wagaki, moyo wangu ni kama—"

"Usinifananishie. Umeniita mwezi, umeniita chemchemi, umeniita swara, nimechoka kuwa vitu. Ndiyo ama hapana."

Nilikuwa na majibu matano, yote yenye vina.

"Ndiyo," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

"Anaitwa nani?" Wagaki akauliza.

"Nabalayo. Baba alimtolea ng'ombe nikiwa na miaka ishirini. Anaishi kwa mama, analima."

Mjomba Murunga alinigeukia, mdomo wazi.

"Kumbe hukuwaambia? Mimi nilinyamaza nikijua ulishasema! Kwetu mtu haongezi mke kwa kuficha, Khamala. Anamwambia wa kwanza, halafu anakuja kwa wa pili na mikono wazi, watu waone."

"Nabalayo anajua mimi niko?" Wagaki akauliza.

"Hapana."

"Basi tuko wawili ambao hujawahi kutuambia kitu."

"Nilitaka kukuambia. Kila nikianza, maneno mazuri yanakuja mbele."

"Najua. Niliyapenda. Hiyo ndiyo inaniuma."

Aligeuka kwa baba yake.

"Baba, hoja yako bado ni mbovu. Huwezi kumhukumu mtu kwa sababu ya Shiundu."

"Lakini nilipata ukweli," mzee akasema. Hakuwa na furaha hata kidogo.

"Ulibahatisha. Kesho utamkataa mtu mzuri hivyo hivyo."

Mzee akachukua miwani yake mezani. Nilitamani kumtetea, au kumpinga, sijui. Kitabu changu kilinifundisha kwamba hoja ikianguka, umeshinda. Hakikuniambia kwamba hoja inaweza kuanguka na ukweli ukabaki umesimama pale pale, unakutazama.

Wagaki hakuonja. Alimrudishia shangazi pembe ikiwa imejaa, akaingia jikoni. Tukainuka, mjomba akiomba msamaha kwa Kiswahili na Kibukusu pamoja.

"Ngojeni," Wagaki akaita.

Alitoka na uji katika vikombe viwili vya bati, vile ambavyo hupewa kila anayepita pale, muuza mkaa au mtu wa kuuliza njia. Kimoja akampa mjomba. Kingine akanipa mimi, kwa mkono mmoja.

"Kunyweni. Hapa mpaka Kibera ni mbali, na mnaenda kwa miguu."

"Asante, Wagaki."

"Karibu, mgeni."

Nikanywa nikiwa nimesimama.