Video Iliyokula Mégas

"Mutu aliyefanya hii laboratoire, siku nitamukuta, nitamupiga na kiatu!"

Aliyesema hivyo alikuwa msichana mrefu, amesimama mbele ya kibanda cha kuchajia simu katikati ya soko kuu la Kisangani, jua la mchana likimchoma kisogo. Alivaa libaya, blauzi ya kijani yenye mabega mapana, na pagne ya maua kiunoni, na nywele zake, zilizosukwa asubuhi ile, zilikuwa bado zinanukia mafuta. Mkononi alishika simu yenye kioo kilichopasuka. Jina lake Yolande, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kemia katika chuo chenye maabara ya meza nzuri na makabati matupu.

Nyuma yake kijana mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, alikohoa.

"Na kiatu ya muguu gani, mademoiselle? Nipate kujipanga."

Yolande aligeuka. "Weye nani?"

"Miye Nephtali. Njo miye nilifanya hiyo laboratoire."

Sokoni kuna watu elfu, na anayesikia tusi ndiye mwenye tusi. Yolande aliona haya kidogo, lakini kunyamaza hakukuwa tabia yake.

Nephtali alifanya kazi katika ofisi ndogo inayotengeneza maabara za mtandaoni. Mwanafunzi aliye mbali, Yangambi au Yanonge, hufungua simu, hushika chupa ya asidi kwa kidole, humimina, huona rangi zikibadilika, na hakuna chupa wala asidi. Akikosea, hutokea kitufe kilichoandikwa *Recommencer*. Hukigusa, huanza upya.

"Bon, iko muzuri," Yolande alikubali. "Lakini ile video ya hatari ya asidi! Inakula mégas yangu yote ya internet. Sijaionaka hata mwisho, crédit inaisha. Uitoe."

"Nikiitoa utanipa nini?"

"Nitakuachia ulipe lituma."

Wakacheka, wakala lituma, ndizi za kupondwa, na samaki kwa mama mmoja pale pale sokoni, na kijana akalipa. Wiki ile ile akaiondoa video. Mwanamume mwingine angempelekea msichana maua. Huyu alimfutia somo, akajiona bingwa.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hata mama wa lituma alijua. Kila jioni simu ililia.

"Allô, chéri wangu ya kiatu?"

"Allô, bébé ya mégas. Umekula?"

"Nimekula. Na weye? Usinidanganye, nasikia tumbo yako mpaka huku Lubunga, ng'ambo ya mto."

Nephtali alikuwa ameshamwambia tonton, mjomba wake, ajiandae kuvuka mto kupeleka posa kwa Papa Wenceslas, baba wa Yolande. Alimpenda binti yule kwa moyo wote, na hilo Yolande alistahili kuambiwa mapema kuliko alivyoambiwa.

Kisha Yolande akapata stage, mafunzo ya kazi, katika karakana ya kutengeneza betri za magari, kule kule Lubunga. Alifurahi mno, akanunua viatu vipya. Siku chache baadaye simu yake ikaacha kuitika. Nephtali alipiga asubuhi, akapiga mchana. Mwishowe ikaitika sauti ya mwanamume.

"Usipige tena namba hii. Tuache."

Ikakatwa. Nephtali hakuuliza ni nani, wala hakuvuka mto kwenda kutazama. Wivu ulimkaba, na mtu mwenye wivu haulizi. Akaandika: "Kumbe ulitafuta tu mutu wa kukupunguzia mégas. Furahi na bwana yako." Akatuma, kisha akaendelea kuvaa mashati yake meupe na kukonda ndani yake.

Glodie, rafiki wa Yolande, ndiye aliyemkuta sokoni, karibu na kibanda kile kile. Hakumsalimia. Alimpiga kifuani kwa mkoba wake.

"Ule alikuwa kaka yake, Bavon, alifukuza kila mutu aliyepiga! Imbécile! Message yako, njo miye niliisoma kwa sauti. Nilimusomea Yolande, juu yeye haone!"

"Haone namna gani?"

"Kwa atelier. Patron alimupatia asidi ya nguvu, alisema aichanganye na maji, haraka haraka. Yeye akamwaga maji ndani. Ikaruka kwa uso. Jicho moja imekufa. Ile ingine, docteur anasema tungoje."

"Alimwaga maji juu ya asidi?" Nephtali aliuliza polepole.

"Njo vile."

Ndilo kosa hasa ambalo video ile ilikataza mwishoni.

Alivuka mto, akapanda toleka, na mwenye baiskeli akamfikisha mpaka uani kwa Papa Wenceslas. Bavon alisimama mlangoni akiwa amekunja ngumi.

"Umuache aingie," sauti ya Yolande ilisema.

Alikaa juu ya mkeka, kitambaa cheupe kimefungwa machoni, na shavu la kushoto ngozi imebabuka. Libaya ilikuwa ile ile ya kijani.

"Unanukia pasi," alisema. "Shati jeupe tena?"

"Yolande, ile message..."

"Message nilishaisamehe. Uniulize ile jambo ingine."

Nephtali alipiga magoti. "Kwa laboratoire yangu, ulifanyaka hii kosa?"

"Mara mingi. Kila mara bouton inatokea, naanza tena. Kwa atelier, patron analalamika, mukono ikafanya vile ilizoea. Asidi ikaruka. Na miye nikangoja bouton, Nephtali. Kweli, nikaingoja."

Kijana alilia bila kujificha. "Ni miye. Nilitoa video."

"Ni miye nilikuomba. Na patron hakunipatia hata miwani. Tuko watatu, usibebe yote peke yako."

"Nitakuoa. Nitaongea na papa leo. Yolande, tuanze tena."

Yolande akageuzia uso ukutani.

"Ile bouton iko kwa simu tu, chéri. Uende."

Akaenda. Maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna aliyelijua hilo kuliko wawili hawa.

Baada ya mwezi Glodie alimletea ujumbe wa sauti. "Anasema video inakula mégas, lakini sauti haikule. Uiweke kwa laboratoire."

Nephtali alisikiliza.

"Miye Yolande. Nilikuwa mwanafunzi kama weye. Umemwaga maji ndani ya asidi. Usitafute bouton. Asidi njo inaenda ndani ya maji, polepole, na miwani kwa macho. Patron akisema haraka, umuachie haraka yake."

Ndani ya ujumbe ule kuku akalia uani. Kisha:

"Hapa ukate, Nephtali. Hii ingine ni yako. Jibu ni hapana. Si juu sikupende. Nakupenda, unajua. Lakini kila siku ungeniangalia uso kama mutu anayelipa deni, na miye sitaki kuwa deni ya mutu. Glodie anasema unakonda. Kula."

Nephtali alikata pale alipoambiwa, na kile kitufe akakiondoa. Siku hizi mwanafunzi wa Yanonge akimwaga maji ndani ya asidi, kioo kinakuwa cheusi na sauti ya Yolande inamwonya. Sehemu iliyobaki imo ndani ya simu ya Nephtali. Kila mchana, mbele ya sahani yake ya lituma, huisikiliza mpaka neno la mwisho, kisha hula.