Kiti Kilichoegemezwa Mezani

Saa ya chakula cha mchana, katika mkahawa wa vijidirisha wa Mtaa wa Kumi na Nne, New York, kiti ulikipata kwa bahati au kwa ubabe. Watu walisongamana mbele ya ukuta mzima wa milango midogo ya kioo, kila mmoja na chakula chake ndani. Ulitumbukiza sarafu, ukazungusha kitasa, ukatoa makaroni yako bila kumwomba wala kumshukuru mtu. Na kama ulitaka nafasi yako isichukuliwe wakati unahangaika na sarafu, ulikiinamisha kiti, mgongo wake ukaegemea ukingo wa meza. Hakuna aliyekigusa. Mji ulijaa wezi, lakini kiti kilichoegemezwa hata mwizi alikiheshimu.

Kwa hiyo Bernice Halloran aliporudi na trei yake ya maharage ya kuoka, akamkuta mzee mmoja mwenye tai ya kipepeo amekalia kile kiti ambacho Bernice alikiegemeza, alisimama kwanza akamkagua.

"Bwana, hicho kiti kina mwenyewe."

"Ndiyo. Mwenyewe mimi."

"Na kile pale cha nani?" Akamwonyesha kwa kidevu meza ya jirani. Kiti kilikuwa kimeegemea, na juu ya meza ilikuwapo kofia ya kiume.

Mzee akajipapasa kichwani, akakuta upara mtupu. Akaiva uso hadi masikioni.

"Nimeendesha lifti maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kumshusha mtu ghorofa isiyo yake. Leo nimejishusha mwenyewe."

Bernice akacheka hadi kijiko kikaanguka kwenye trei. Akamwambia akachukue kofia yake, kisha arudi hapo hapo.

Jina lake lilikuwa Irving Pesner, mstaafu aliyefiwa na mkewe. Bernice hakuwahi kuolewa. Alishona kofia karakanani mpaka wanawake wa mji walipoacha kuzivaa, ila yeye hakuacha: kila siku alikuja na kofia ya kijani yenye unyoya mmoja mrefu, na koti la sufu lililopigwa pasi vizuri kuliko lilivyostahili. Irving akambatiza jina Unyoya. Bernice akamwita Lifti. Ikawa desturi yao kwamba atakayetangulia anamwegemezea mwenziwe kiti.

"Umenenepa, Lifti. Nani anakulisha?"

"Wewe. Kila siku unaniachia nusu ya pai."

"Sikuachii. Unaniibia nikigeuka."

Walitaniana hivyo miezi na miezi, na walidanganyana pia. Irving alisema anaishi Queens kwa binti yake, nyumba kubwa yenye bustani. Bernice alisema ana nyumba yake ya kupanga, ina jiko zuri. Ukweli ni kwamba binti wa Irving alikuwa California na alipiga simu mwaka mpya tu, naye Bernice alikaa chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji, ambako hata kuchemsha yai kulikatazwa. Waliona haya. Nami siwalaumu, maana uzuri wa mkahawa ule ndio huo: hukuulizwa unatoka wapi. Ulikula katikati ya mamia ya watu, na upweke wako ukalala chini ya meza kama mbwa aliyefunzwa.

Kisha likabandikwa tangazo mlangoni. Mkahawa ungefungwa mwisho wa mwezi, na mahali pake lingefunguliwa duka la nguo.

Irving alilisoma mara mbili. Pai angeipata kwingine. Bernice angempata wapi? Hakujua hata barabara anayokaa. Mchana ule akajikaza akamwomba namba ya simu. Bernice alisita, akapanga na kupangua uma na kijiko, hatimaye akamtajia.

Jioni yake Irving aliingia kibanda cha simu, nywele chache zilizombakia pembeni zimelowa maji na kuchanwa. Ikapokea sauti nzito ya kiume, yenye mikwaruzo.

"Bernice? Ametoka. Nani wewe?"

Irving akakata. Kumbe ana mtu wake! Alirudi chumbani akavua tai mbele ya kioo, akajiona mzee mjinga. Siku zilizofuata hakukanyaga mkahawani. Alikula dagaa wa kopo ameketi kitandani, na mara mbili akajikuta anatoa tabasamu la kutania, hakuna wa kumtania.

Bernice naye kila mchana alikiegemeza kiti cha pili, akala macho yakiwa mlangoni. Alijuta kutoa ile namba. Alidhani Irving amegundua anaishi wapi, akamdharau. Siku ya tatu aliiacha trei bila kuigusa.

Siku ya mwisho umati ulifurika. Walikuja hata waliousahau mkahawa tangu utotoni, wamevaa vizuri, wanapiga picha vijidirisha na kulia juu ya pai. Sisi tuliokula pale kila siku tulikosa pa kukaa. Machozi yao yangeanza mapema, na sarafu nazo, pengine pasingefungwa.

Irving alikuja anywe kahawa ya kuaga, kisha aondoke. Akauona ule unyoya wa kofia ya kijani juu ya vichwa vya watu. Kando yake, kiti kimeegemea meza. Mwanamke mmoja wa koti la manyoya alikuwa amekishika.

"Kina mwenyewe," Bernice alimwambia.

"Mama, nimekutazama nusu saa nzima. Uko peke yako."

"Anakuja."

Irving alisikia. Akapenya, akakiinua kiti, akaketi.

"Umechelewa, Lifti," Bernice alisema bila kumtazama.

"Nilikupigia. Mumeo akapokea."

"Mume gani?"

"Mwenye sauti ya kukwaruza."

Bernice aliweka uma chini taratibu. "Huyo ni Gus, chumba cha jirani. Simu iko koridoni, Irving, ni ya ghorofa nzima. Sina nyumba, sina jiko. Nina chumba, na birika ninalolificha kabatini."

Irving akavua kofia. "Queens sikai," akasema. "Binti yangu yuko California. Nina kitanda na kiti kimoja."

"Kiti kimoja? Mgeni akija anakaa wapi?"

"Sijawahi kupata mgeni."

Wafanyakazi walikuwa wameanza kupindua viti juu ya meza. Irving akaushika mkono wa Bernice, kwa mara ya kwanza.

"Tuoane, Bernice. Sitaki tena kula peke yangu."

Bernice alirekebisha kofia ambayo haikuwa imekaa vibaya. "Mimi nimekaa siku zote hizi nakitazama kiti kitupu. Na wewe subiri kidogo. Nipigie jioni. Akipokea Gus, usikate."

Akapanda basi. Irving alisimama kando ya barabara, mfuko umejaa sarafu alizochenji kwa mazoea, na sasa hapakuwa na mlango wa kuzitumbukiza. Akaingia kibanda cha simu.

"Hajafika," Gus alinguruma.

"Najua. Nitasubiri hapa hapa kwenye simu."

Gus akaguna, akauacha mkono wa simu unaning'inia. Irving akasikiliza korido: redio ya mtu, kikohozi, bomba la maji, kisha kimya kirefu. Ndiko alikoishi Bernice miaka yote hiyo. Opereta akadai sarafu nyingine, akatia. Akadai tena, akatia. Mwishowe zikasikika hatua ngazini, zinapanda, zinapumzika, zinapanda.

"Halo? Irving? Umeanza kupiga saa ngapi?"

"Ulipopanda basi."

Irving akasikia unyoya ukikwaruza simu.

"Haya, nimekubali," Bernice akasema. "Sasa acha kumaliza sarafu. Tuna kiti cha kununua."