Jini la Kusingiziwa

Mmeanza tena. Mtu hawezi kukaa akanyoosha miguu yake bila kuambiwa, bibi, tusimulie ile ya gari. Nimesema mara ngapi kwamba hadithi hii hainipi raha? Haya. Lakini atakayeogopa kwenda chooni peke yake asije akanivuta shuka.

Palikuwa na fundi wa magari, wakimwita Sikio. Jina alilipata kwa haki. Wenzake walikuwa wakifungua injini nzima kutafuta ugonjwa. Yeye alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama mtu anayenong'onezewa umbea. Akifumbua, amekwisha jua. Hakuwa akikosea. Ndiyo maana sina huruma naye: alilolifanya hakulifanya kwa kutojua.

Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, alikuwa mshonaji. Mume wa dada figo zilikuwa zimekufa, lazima apelekwe hospitali kila mara kusafishwa damu, na hospitali ilikuwa mbali. Kigari chao kikuukuu ndicho kilichokuwa kikimweka hai yule mwanamume. Siku kilipoanza kugonga, ko-ko-ko, chini kabisa, kama mtu aliyefungiwa sandukuni, dada akakipeleka kwa mdogo wake.

Sikio akasikiliza. "Beringi za ndani zimelika, dada. Injini lazima ishuke yote. Itakuuma, lakini ndiyo hivyo."

Dada akauza cherehani zake zote mbili. Mshonaji, akauza cherehani! Sikio akapokea, na injini hakuishusha. Alimimina oili nzito kama uji ili kelele imezwe, akaosha nje kwa petroli mpaka chuma kikang'aa, akapiga honi. "Mpya hiyo, dada. Nenda katambe."

Haikufika hata wiki. Ko-ko-ko.

"Mdogo wangu, mbona inagonga vilevile?"

Mafundi wengine walikuwa wamesimama, wanasubiri waone. Sikio akaweka bisibisi yake, akasikia kile alichokuwa anakijua, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo.

"Mimi kazi yangu nimemaliza. Hii si sauti ya chuma. Gari limeingiliwa."

"Limeingiliwa na nini tena?"

"Jini, dada. Kwani hujasikia hata jina lake? In-jini."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akajidondoshea spana mguuni. Dada hakucheka. Ndugu yake hawezi kumdanganya, basi akalipeleka gari kwa mganga, na kwa kuhangaika huko mumewe akakosa zamu yake ya hospitali.

Mganga alizunguka gari, akanusa boneti, akakataa hata kupokea kitu. "Humu hamna mtu. Gari bovu tu hili, mwanangu, lirudishe kwa fundi. Na huyo aliyetaja jini mwambie alifute neno lake. Wale wakisingiziwa huja kuuliza."

Sikio alipopelekewa habari alisema, "Waje. Nitawabadilishia oili."

Asubuhi iliyofuata, njiani kwenda hospitali, injini ikapasuka. Magari yakapita. Mengine yalipunguza mwendo, wenyewe wakachungulia, wakakanyaga mafuta. Mgonjwa akamalizikia palepale kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkewe.

Msibani hakuna aliyelia kumshinda Sikio. Na kila aliyempa mkono, Sikio alimwambia, "Jini limemmaliza shemeji yangu. Nilisema mimi."

Ndipo lilipokuja.

Gari lilikuwa limevutwa mpaka gereji. Jua la utosini, wenzake wamekwenda kula, Sikio amebaki anafungua boliti ili auze kinachouzika. Kwanza ikaja harufu. Haikuwa ya oili. Ilikuwa ya kitambaa kibichi kilichounguzwa na pasi. Kisha, ko-ko-ko. Akatazama swichi: ufunguo haukuwepo. Betri yenyewe alikwisha itoa, iko sakafuni kando ya mguu wake. Akajiambia ni jenereta ya jirani, akajiambia ni moyo wake tu unamdunda kwa njaa, na huku anajiambia hivyo mkono wake, ambao ulizoea kazi kuliko yeye alivyozoea kuogopa, ukachukua bisibisi, ukaigusisha kwenye ile injini iliyopasuka, ukamletea mpini sikioni, naye akafumba macho kama siku zote, na kule ndani, karibu kabisa, karibu kuliko sikio lenyewe, akasikia mtu anaongea, na sauti ya mtu huyo ilikuwa yake mwenyewe.

"Umenitaja."

Akataka kuondoa kichwa. Kichwa kikakataa.

"Nilikuwa kwangu, sikujui hunijui. Umeniita muuaji mbele za watu. Futa."

"Nifute vipi?" alinong'ona.

"Nenda ukaseme."

Kusema! Nani tena angemletea gari? Jioni ileile akaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akaona limekwenda na balaa lake.

Kulala hivi, mkewe akamsukuma. "Baba watoto, hebu kazime gari."

"Gari gani?"

"Si hilo linalogonga dirishani."

Wakatega masikio. Mkewe akainua kichwa kutoka kwenye mto, akageuza shingo huku na huku, akasogea taratibu, akaweka sikio lake juu ya kifua cha mumewe na kutulia hapo, wala hakupiga kelele, alivaa gizani akakusanya watoto mmoja mmoja na usingizi wao, akatoka bila hata kutafuta viatu.

"Nyumba uliyonipa umeiuza," ile sauti ikasema kutoka kwenye mbavu. "Ulitaka nilale wapi?"

Siku zikapita, kelele ikapanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Mteja akiwasha gari, Sikio hasikii. Mteja akiongea, Sikio anaona midomo tu. Akashindwa. Akaenda kwa dada yake, akapiga magoti mlangoni, na kwa kuwa hata sauti yake haisikii akawa anapayuka mtaa mzima ukatoka nje:

"Sikuifungua, dada! Injini sikuifungua! Nilitia oili nzito! Hapakuwa na jini, palikuwa na mimi!"

Ile harufu ya kitambaa ikampita usoni, pazia la mlango likainuka bila upepo.

"Tumemalizana," ikasema sauti.

Sikio akashusha pumzi. Ko-ko-ko.

"Mbona bado ipo?"

"Hiyo si yangu," sauti ikajibu, sasa iko mbali. "Mimi sikuja na kelele. Hiyo ni kazi ya mkono wako."

Midomo ya dada ikacheza. Alisema, "Nimekusamehe." Majirani wote walisikia. Alisema mara moja tu, akaingia ndani, akafunga mlango, na hajarudia mpaka leo.

Sikio hakusikia. Kusoma hakusoma, na wa kumwonyesha kwa ishara hajapatikana, maana watu hawakuona kwa nini wajisumbue. Basi kila siku anakwenda pale, anaweka ncha ya bisibisi kwenye mlango wa dada yake, mpini sikioni, anafumba macho. Anasikia ko-ko-ko.